Lubumbashi: Bastola chini ya shati la kijana wa miaka 18?

Kila mara majambazi wanapovunja mlango usiku katika Katuba, Ruashi ao Kampemba, asubuhi yake maneno ni yale yale kwenye kituo cha taksi: polisi walichelewa, wezi walikuwa na bunduki za vita, na wenye nyumba walikuwa na filimbi na sufuria za kupigia kelele. Kisha kijana mmoja anasema kile ambacho wengi wanakifikiri. Kama Serikali haiwezi kutulinda, itupatie vibali, kila mtu ajichungie nyumba yake.

Ombi hilo si la wendawazimu. Mji huu umeona mengi. Tarehe 23 Machi 2013 Mai-Mai Kata Katanga waliingia hadi katikati ya mji, wengine na bunduki, wengine na pinde na mishale, na watu zaidi ya 30 walikufa kabla wapiganaji hao hawajajisalimisha kwenye kambi ya MONUSCO. Tarehe 14 Februari 2021 kambi za jeshi za Kimbembe na Kibati zilishambuliwa, damu ikamwagika tena. Mtu aliyelala chini ya kitanda na watoto wake siku hizo hapaswi kuchekwa akitamani silaha.

Lakini kuitamani ni jambo moja, na kumruhusu kijana wa miaka 18 ao 20 kutembea sokoni na bastola iliyofichwa kiunoni ni jambo lingine. Inchi ina sheria ya silaha tangu tarehe 3 Septemba 1985, wakati wa Mobutu, na sheria hiyo inasema wazi kwamba raia habebi silaha bila kibali. Kilichobaki kwenye mjadala wa mitaani ni umri.

Wanaotetea vijana wana hoja nzuri, na haifai kuipita haraka. Kwenye miaka 18 Mkongomani anapiga kura. Anaweza kuoa ao kuolewa. Anaweza kuandikishwa katika FARDC na kupelekwa mbele ya adui. Rais Félix Tshisekedi mwenyewe, katika hotuba yake ya tarehe 3 Novemba 2022, aliwaita vijana wajiandikishe jeshini na wajipange katika vikundi vya kulinda mitaa yao. Itakuwaje basi kijana aaminiwe na Kalashnikov huko Masisi, halafu akirudi Kamalondo aambiwe bado ni mtoto? Marekani wanagombania swali hili hili mahakamani. Mwezi wa Julai 2024 mahakama moja ya rufaa ilitupilia mbali sheria ya jimbo la Minnesota iliyowanyima vijana wa miaka 18 hadi 20 kibali cha kubeba bastola hadharani, kwa sababu Katiba ya huko inawapa raia haki ya kuwa na silaha.

Katiba yetu haina haki ya namna hiyo. Ina kitu kingine: inapima ukomavu kwa ngazi. Kupiga kura ni miaka 18, kuwa mbunge wa taifa ni 25, kuwa seneta ao Rais wa Jamhuri ni 30. Waliouandika hawakuwatukana vijana. Walielewa tu kwamba si kila mzigo unabebwa na bega la umri mmoja. Kura mbaya inaweza kusahihishwa baada ya miaka mitano; risasi hairudi kwenye bunduki. Majirani wamefikiri hivyo pia. Uganda na Tanzania zinataka mwenye kibali awe na miaka 25, Afrika Kusini inataka 21.

Waganga wa ubongo nao wamekwisha kueleza kwamba sehemu inayozuia hasira na kupima matokeo inaendelea kukomaa hadi karibu na miaka 25. Wengine watasema hayo ni mambo ya wazungu na mashine zao. Sawa, basi tuache mashine. Twende kwenye njia inayotoka uwanjani siku Mazembe na Lupopo wamecheza, jua limezama, lutuku imepita mkono kwa mkono, na mtu mmoja amemtukania mwenzake mama yake. Leo ugomvi huo unaisha kwa ngumi, ao jiwe, ao meno mawili chini. Tuweke sasa bastola mbili katika kundi hilo, ambazo hakuna anayejua ziko mfuko gani. Ubaya wa silaha ya siri ndio huo: anayeibeba anajiona mkubwa kuliko alivyo, na wengine wote hawajui kwamba wanagombana na kifo. Hata polisi kwenye kizuizi, akijua kwamba kila kijana anaweza kuwa nayo, atafyatua kwanza, aulize kitambulisho baadaye.

Na askari wa miaka 18? Yeye hajiamulii. Bunduki yake ina namba, ina gala, ina mkubwa anayemwambia lini aipakue na lini airudishe, na akikosa kuna mahakama ya kijeshi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa, walau. Pale ambapo utaratibu huo umelegea, kama kwa baadhi ya Wazalendo huko Kivu, raia wenyewe ndio wa kwanza kulia. Kwa hiyo mfano wa askari haumsaidii mwenye kutaka bastola ya mfukoni. Unaonyesha namna kijana anavyohitaji kuzungukwa ndipo silaha ikae mikononi mwake bila balaa.

Katanga inalo pia kumbukumbu ambalo wazee hawapendi kulifungua. Mwaka 1992 na 1993 vijana wa chama cha UFERI walitumwa kuwafukuza watu wenye asili ya Kasai, Likasi, Kolwezi na kwingineko. Maelfu kwa maelfu ya watu walilala kwenye stesheni za treni wakingoja kuondoka, na wengi walifia pale. Vijana wale wengi hawakuwa na bunduki, walikuwa na mapanga, fimbo na petroli. Na hawakujituma wenyewe. Nyuma yao walikuwako watu wazima, wenye suti na magari, ambao umri wao haukuwazuia chochote. Ndiyo maana kifungu cha 190 cha Katiba hakiwagusi vijana kwanza. Kinamtaja mtu anayeunda wanamgambo wa binafsi ao kutunza vijana wenye silaha, na kinaliita kosa hilo uhaini mkubwa. Kabla ya kuuliza kama kijana amekomaa, kuna sababu ya kuuliza ni nani angemnunulia hiyo bastola, maana mwanafunzi wa Kasapa anayekosa pesa ya basi hatainunua mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo jimbo limekwisha kulijaribu. Katika miaka ya 2000 shirika la PAREC la Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda liliwapa baiskeli waliorudisha bunduki. Watu walicheka, lakini bunduki zilirudi. Kazi ya vita ilikuwa imeisha, na baiskeli ilikuwa na faida kuliko chuma kilichofukiwa nyuma ya nyumba. Leo kuanza kugawa vibali kwa vijana ni kutembea kinyume na njia ile.

Basi kibali kisishuke chini ya miaka 25, na hata juu ya hapo kitolewe kwa sababu inayoonekana, baada ya mafunzo na kwa silaha iliyoandikwa namba. Hilo halitamtuliza mama wa Ruashi anayesikia milango ikivunjwa saa nane za usiku. Anachohitaji ni taa barabarani, kituo cha polisi chenye gari na mafuta, na jibu juu ya bunduki za hao wezi. Bunge la jimbo linakaa hapa hapa Lubumbashi na lina haki ya kumwita waziri wa jimbo mwenye mambo ya ndani. Limuulize ni vibali vingapi vilitolewa, kwa watu wa umri gani, na katika bunduki zilizokamatwa mikononi mwa majambazi, ngapi zilikuwa na namba za gala la Serikali. Swali la mwisho litawaudhi wengi, na ndilo lianze.