Kabla ya Kupanda Mlima, Tupime Afya



Kila likizo ikikaribia, vijana wetu huzungumzia safari ya Mlima Kilimanjaro. Ni jambo jema. Lakini husikika wakisema: "Mimi nacheza mpira dakika tisini, mlima utanishinda nini?" Maneno hayo ndiyo tunayotaka kuyajibu.

Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Huko, kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata huku kwetu pwani. Mwenye mbio na asiye na mbio wote huweza kuumwa kichwa, kutapika na kupata kizunguzungu. Hali ikizidi, maji hujaa mapafuni au ubongo ukavimba. Basi nguvu za miguu peke yake si kipimo.

Kipimo cha kwanza kiko kwa daktari: moyo, presha, mapafu na wingi wa damu. Mwenye pumu aseme. Tena tusisahau selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli. Oksijeni ikipungua, chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye huku chini haumwi kitu, huweza kuumia bandama huko juu. Kuijua kunahitaji damu kidogo tu.

Kipimo cha pili ni mazoezi: miezi miwili kabla ya safari, kijana atembee saa kadhaa na mzigo mgongoni, na kesho yake arudie. Hapo atajijua.

Wapo wazazi wanaoficha ugonjwa wa mtoto kwa kuona haya, na wapo watoto wanaoficha wasije wakaachwa. Huko si kutawakali. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Mwili nao ni amana.

Rai yetu ni hii: mwanafunzi asiye na cheti cha daktari asipande basi la safari. Na atakayezuiwa asichekwe. Daktari akiridhia, aende na wenzake hadi Marangu, auone mlima kutoka chini, arudi kwa mama yake salama. Mlima haukimbii, uhai ukipotea haurudi.

Wabillahi Tawfiq.