Mnacheza Baba na Mama?

"Vijana wazima na ndevu zenu, mnacheza baba na mama?"

Hilo ndilo swali tuliloulizwa na mzee mmoja wa hapa Kamunyonge. Ulikuwa usiku wa mbalamwezi. Tulikuwa sita juu ya jiwe karibu na maji, daftari katikati, dadu mbili za ludo na tochi ya simu. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza swali lake, na hakungoja jibu. Alitikisa kichwa akaenda zake. Kesho yake habari zilikuwa zimeshafika sokoni: eti kuna vijana wanakaa ziwani usiku wakizungumza na majini. Wiki haikuisha, chumba tulichokuwa tunaazimwa siku za mvua tukanyimwa. Tuliambiwa tu, "Mambo yenu hayaeleweki."

Haya. Naandika ili yaeleweke. Na asiyetaka kuelewa, basi angalau asiseme hakuambiwa.

Mchezo wenyewe ni huu. Mmoja wetu anakuwa mtambaji. Wengine kila mmoja ana mtu wake aliyemtunga: jina, kazi, analoliweza, linalomshinda, yote yameandikwa daftarini. Mtambaji anasema: mmefika mwaloni, jua linazama, mtumbwi ni mmoja na nyuma yenu kuna watu wanakuja na mapanga, mnafanyaje? Kila mmoja anajibu kama yule mtu wake angejibu, si kama yeye mwenyewe. Jambo likiwa na shaka, kama vile mlinzi ataamini uongo au hataamini, dadu inarushwa, nayo ndiyo inaamua. Hakuna mshindi. Hakuna hela mezani. Usiku ukiisha tunaandika tulipoishia, na mbalamwezi nyingine tunaendelea. Kwa nini mbalamwezi? Kwa sababu wawili kati yetu ni wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka taa haina kazi, mvuvi anapumzika. Ndiyo majini yetu hayo.

Shtaka la kwanza: ni mchezo wa Wazungu. Sikatai kwamba mtindo huu wa daftari na dadu tuliuona kwao. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa na kuuzwa, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974. Walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, na ulianza kuuzwa kutoka Lake Geneva, mji mdogo ulio kando ya ziwa kama huu wetu. Ndani yake kuna ngome, mazimwi na wachawi. Na miaka ya 1980 huko huko kwao walisimama wazazi na watu wa dini wakapiga kelele kwamba ni ushetani, unapoteza watoto. Kwa hiyo hata hilo shtaka la sokoni si letu, ndugu zangu, nalo limetoka ng'ambo! Tukikataza cha kigeni, tuanze na hilo.

Lakini hebu niulize. Nani alisema kujivika cheo usichokuwa nacho, na kukicheza kwa kanuni, ni kitu cha Wazungu? Mmeisahau beni?

Miaka ya 1890 katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, vijana walianza ngoma ya tarumbeta na gwaride wakaiita beni, kutokana na neno la Kiingereza la bendi. Ndani ya chama cha beni kulikuwa na Kingi, Jenerali na Kapteni. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mchana mtu alikuwa karani, mpagazi au boi wa nyumba ya Mzungu. Jioni alikuwa Jenerali, na wenzake walimpigia saluti. Marini walishindana na Arinoti, mji ukagawanyika. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipokuja, askari na wapagazi waliibeba beni hadi bara, ikaingia Tanganyika yote, ikavuka hadi Nyasaland. Profesa Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Na serikali ya Waingereza baada ya vita ile ilipeleleza vyama hivi, kwa hofu kwamba kuna njama imejificha ndani ya ngoma.

Mnaona? Swali la yule mzee si jipya. Mkoloni naye aliwatazama watu wazima waliovaa vyeo vya kuigiza, akasema mambo haya hayaeleweki. Hakuelewa kwamba mtu anayeamrishwa mchana kutwa ana haja ya kujua, japo kwa saa mbili, amri ina ladha gani ikitoka kinywani mwake. Na akishaijua ladha yake, hamuoni tena bwana wake kwa jicho lile la zamani. Sidai kwamba beni ndiyo iliyoleta uhuru, la hasha. Nasema aliyeiogopa hakuwa mjinga kabisa.

Shtaka la pili: ni mambo ya watoto. Eti mtu mzima hatungi nchi isiyokuwepo akakaa ndani yake.

Basi tuanze kwa kumfukuza Shaaban Robert. Mwaka 1951, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, alitoa Kusadikika, kitabu cha nchi iliyo angani. Mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtu mzima, mwenye familia, anakaa chini kutunga nchi ya angani pamoja na mashtaka na watetezi wake! Alikuwa anacheza baba na mama? Kila mwanafunzi aliyekisoma darasani anajua nchi ile ya angani ilikuwa inatazama chini, na ilikuwa inamtazama nani.

Tukimaliza huyo, tumfuate Mwalimu. Mzaliwa wa Butiama, na shule yake ya kwanza ni Mwisenge, hapa hapa Musoma. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye matatizo ya kila aina, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Kutafsiri mchezo wa kuigiza si kubadilisha maneno tu. Ni lazima ukae ndani ya muuaji ukatafuta maneno ambayo angeyasema kama angezaliwa Mswahili, kisha uhamie kwa yule anayeuawa, kisha kwa umati unaogeuzwa kichwa na hotuba moja. Rais alifanya kazi hiyo, na hatujasikia mtu akimwambia, "Mzee, acha utoto, shughulikia nchi." Pengine alijua kwamba atakayeongoza watu ni lazima kwanza ajizoeze kuwa wengine.

Shtaka la tatu ndilo zito, nalo nitalijibu kwa adabu. Wanasema tunakimbia maisha. Kijana hana kazi, maisha magumu, badala ya kuhangaika anajifanya nahodha, mganga, sijui hakimu.

Jamani. Anayetaka kukimbia maisha hapa mjini hana haja ya kutunga kitu. Njia zipo, tena zimefagiliwa. Kuna gongo. Kuna vibanda vya kubeti, vyenye leseni halali chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Kijana anaingia asubuhi na buku mbili zake, anapanga mkeka wa timu kumi na nne za nchi ambazo hatazikanyaga, jioni timu moja inamchania, kesho anarudi. Huyo haitwi mjinga. Haambiwi anazungumza na majini. Hata mzee wetu akipita humuuliza, "Vipi, Arsenal wanashinda leo?" Sisi tuliokaa na dadu mbili bila senti mezani, tukibishana kama nahodha atoke au asitoke, ndio tumepotea!

Tofauti ni hii, na naomba muitazame vizuri. Katika mkeka unakaa unangoja watu wengine wafanye kitu mbali huko, na wewe huna neno. Katika mchezo wetu dadu haiji mpaka wewe umeamua. Kwanza unasema utafanya nini, na kwa nini, mbele ya wenzako watano wanaokusikiliza. Bahati inafuata nyuma ya uamuzi. Nani basi anayekimbia?

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu.

Mmoja wa wavuvi wetu, katika mchezo, ni nahodha. Usiku mmoja mtambaji alimpa chombo cha kubeba watu ishirini. Waliokwishapanda ni ishirini na wanne. Mfanyabiashara mmoja ana magunia na anatoa nauli mara tatu. Kuna mama na mtoto mgonjwa. Mwenye chombo amesimama mwaloni anaangalia. Upepo unaanza. Nahodha, unafanyaje?

Mwenzetu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Washuke wanne na magunia yote. Sing'oi nanga."

Tulibishana mpaka saa sita usiku. Nani ashuke? Kila mmoja alikuwa na sababu ya mtu wake kubaki, na sababu zote zilikuwa nzuri. Mfanyabiashara alitukana. Mwenye chombo, kwa sauti ya mtambaji, alitishia kumfukuza kazi, na dadu ikaangukia kwamba hatanii. Nahodha alipoteza kazi, ndani ya daftari. Lakini chombo hakikutoka na watu ishirini na wanne.

Tulipomaliza hakuna aliyecheka. Sisi ni watu wa ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Vyote viwili vilikuwa vimebeba kupita kiasi. Hakuna nyumba katika pwani hizi isiyomjua mtu aliyemjua mtu.

Mwenzetu akasema, huku anafunga daftari: "Mimi miaka yote ziwani sijawahi kumwambia abiria shuka. Mwenye mtumbwi yupo pale, mimi ni kibarua, nitaanzaje? Leo nimelisema. Ni zito, lakini kumbe linatamkika."

Ndugu msomaji, kama ungeniuliza kwa nini watu wanacheza michezo hii, ningekupa sentensi hiyo nikanyamaza. Watu wanacheza ili kujaribu maneno ambayo maisha hayajawapa nafasi ya kuyasema. Yuko dada mmoja kati yetu, fundi cherehani. Kwao mahari yake ilijadiliwa yeye akiwa jikoni. Katika mchezo ni mtemi. Analeta shauri, anasikiliza pande mbili, anahukumu, na wanaume watano waliokaa pale ni lazima waifuate hukumu yake au waipinge kwa hoja. Kwa nguvu haiwezekani, kwani kanuni hairuhusu. Mwanzoni alikuwa anahukumu huku anatuangalia usoni kuona kama tumekasirika. Siku hizi hatuangalii.

Nitawapa haki yao wanaotupinga, maana si kweli kwamba mchezo hauna hatari. Beni hiyo hiyo iliwatia watu madeni, kwa karamu na sare za kushindana. Mchezo wowote unaweza kummeza mtu. Na yupo anayejifanya shujaa usiku, mchana akamwachia mama yake kuchota maji. Huyo tunamwambia ukweli, na akirudia tunamfungia daftari. Tena najua ya kwamba mtemi wa daftarini asubuhi anarudi kwenye cherehani, na nahodha wetu anarudi kuwa kibarua. Mchezo haupandishi mshahara wala hauongezi maboya chomboni. Anayetegemea hayo atafute chama au mahakama, na sisi tutamsindikiza.

Lakini msituambie kwamba ni upuuzi. Bibi zetu walitukalisha kando ya moto usiku, wakamfanya sungura aseme yale ambayo mtu mdogo hawezi kumwambia mtu mkubwa. Hakuna aliyewafukuza jikoni. Moto umezimwa na televisheni, sungura amekwenda zake, na vijana sita wameamua kumrudisha kwa daftari na dadu. Hilo tu.

Kwa yule mzee wetu, kwa heshima zote: shikamoo. Ndiyo, tunacheza baba na mama. Hivyo ndivyo wewe na sisi tulivyojifunza kuwa baba na kuwa mama, kabla hatujapewa nyumba ya kweli. Shida ni kwamba ukishaota ndevu hukabidhiwa mchezo mwingine, na mambo ya kujifunza hayajaisha. Hakuna aliyetufundisha kuwa nahodha anayekataa. Hakuna aliyetufundisha kuwa hakimu.

Na kwa mwenye chumba: mvua za masika hazisubiri. Tunahitaji paa, meza na saa tatu, mara mbili kwa mwezi, na tutafagia wenyewe. Anayedhani tunazungumza na majini aje akae nasi usiku mmoja. Atapewa karatasi, atatunga mtu wake, na atapandishwa chombo kilichojaa. Kisha ataulizwa, mbele ya watu, kama anashuka au hashuki.