CHUJIO LA BARUA TAKA LIFUNZWE KISWAHILI

Ofisi isiyojibu barua ya mwananchi huitwa jeuri. Lakini siku hizi yawezekana kabisa kwamba karani hakuiona barua hiyo, kwa kuwa chujio la barua pepe liliitupa pamoja na takataka. Mkulima wa mwani wa Paje anayelalamikia bei ya wanunuzi atajuaje kuwa aliyemnyima jibu si mtu bali ni mashine?

Hatusemi machujio yaondolewe. Barua taka zinamiminika, nyingi zikiwa za walaghai wanaowinda maneno ya siri na fedha za watu. Tunalosema ni kwamba visiwa hivi havina sababu ya kununua chombo kilichofungwa, ambacho fundi wetu hawezi kukifungua aone kimehukumu vipi.

Programu huria zipo. SpamAssassin iliandikwa na Justin Mason mwaka 2001, na tangu 2004 iko chini ya Apache Software Foundation. Yeyote aweza kuichukua na kuibadili, hata kuiuza. Na baadhi ya machujio yaliyouzwa ng'ambo kwa bei kubwa yalijengwa juu yake. Kila dalili mbaya huongeza alama, kila dalili njema huzipunguza, na barua ikifikia alama 5, kwa kipimo kilichowekwa tangu mwanzo, huhesabiwa taka. Sababu za hukumu hiyo huandikwa katika barua yenyewe.

Lililo kubwa kwetu ni kwamba inafundishika. Sehemu yake inayopima uzito wa maneno huanza kuhukumu baada ya kuoneshwa barua taka 200 na barua njema 200. Basi na ioneshwe za Kiswahili! Neno "mkopo" katika barua ya tapeli si sawa na "mkopo" katika barua ya chama cha ushirika, na tofauti hiyo haiko ng'ambo. Imo katika masanduku ya makarani wetu.

Gharama ipo, nayo ni mtu. Hapa ndipo wakubwa hukosea: huambiwa programu ni ya bure, wakaiweka, wakaisahau, hali matapeli hawaachi kubadili maneno. Tunaiomba serikali ianze na ofisi moja ya wilaya, Unguja au Pemba. Fundi atajwe na apewe muda. Karani naye apitie sanduku la taka kila asubuhi. Mafunzo ya chujio yafanyike humo humo ofisini, barua za wananchi zisipelekwe nje.