Maongezi ya Nyumbani: Masurufu ya Msafiri wa Baharini

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Amma baad.

Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuendelea na maneno yetu juu ya haki za jirani, lakini imetufikia barua ambayo hatukuona vyema kuiweka, kwani jambo lililomo laweza kufika katika nyumba yoyote yenye mtoto aliye ng'ambo na mzazi aliye huku. Basi jirani atatusamehe mpaka mwezi ujao, inshaallah.

Barua hiyo imetoka kwa kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu tangu alifu mpaka akahitimu, na leo anakaa na kufanya kazi Uingereza. Asema kwamba mama yake alikwenda kumzuru kutoka huku pwani, naye kwa kutaka kumfurahisha mzazi wake akakata tikiti mbili za meli ya matembezi, moja katika zile meli kubwa ziondokazo bandari ya Southampton, zikazunguka bahari siku saba na kurejea pale pale. Mama alipopewa habari ya safari hakuuliza bei wala hakuuliza mawimbi. Aliuliza neno moja tu: "Tutakula nini?" Mwanawe akamjibu kuwa humo melini chakula ni kingi kuliko cha harusi. Mama akanyamaza, na usiku ule akaingia jikoni. Akapika mahamri na visheti, akakaanga sambusa za nyama iliyochinjwa na Waislamu, akatia achari ya ndimu katika chupa, na vyote akavifunga katika mkoba mmoja pamoja na kanga zake na msala.

Walipofika penye mlango wa kupandia, askari wa ukaguzi alimwuliza kijana kama mkobani mna chakula. Naye, kwa kuwaonea haya watu waliopanga safu nyuma yao, akajibu: "Hamna, ni nguo za mama." Mkoba ukapitishwa katika mashine, kisha ukafunguliwa, na mahamri na sambusa vikatolewa mbele ya macho ya watu na kutupwa. Mama hajui Kiingereza kingi, lakini cha kumtosha kufahamu jibu lile alikuwa nacho. Akatazama chini asiseme kitu. Siku tatu akawa hali ila mkate, ndizi na chai. Siku ya nne msimamizi wa ukumbi wa chakula alikuja mezani, akauliza kwa adabu kwa nini bibi huyu hali. Alipoelezwa akasema: "Lau mngalituandikia kabla ya safari, tungalimtayarishia." Tangu hapo wakawa wampikia samaki wake mbali, mpaka safari ikesha.

Kijana huyu atuuliza mambo mawili. La kwanza, je, mama yake alikosa kuchukua chakula? La pili, je, watu wa meli wamemdhulumu? Liko na jambo la tatu ambalo hakuliuliza, nalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko hayo mawili. Tutalifikia.

Tuanze na mama. Msafiri kuchukua masurufu yake si ushamba, wala si ubahili, wala si kuwadharau wenyeji. Ni mwendo wa Mitume na watu wema. Katika Suratul Kahf twasoma kwamba Nabii Musa (A.S.) alipokwenda kutafuta elimu alifuatana na kijana wake hali wamechukua samaki awe chakula chao, na walipochoka alimtaka kijana alete chakula cha mchana. Na alipohama Mtume wetu (S.A.W.) kutoka Makka pamoja na Sayyidna Abubakar (R.A.), aliyefunga chakula cha njiani ni Bibi Asmaa binti Abubakar. Alipokosa kamba ya kufungia aliupasua mshipi wake vipande viwili, na kwa ajili hiyo akapewa jina la Mwenye Mishipi Miwili. Tazameni basi, enyi vijana, jinsi kifurushi cha chakula kilivyompatia mwanamke jina la heshima ambalo Waislamu wanalitaja mpaka leo.

Tena iko aya ya 197 katika Suratul Baqara, ambamo Mwenyezi Mungu awaamrisha wendao Hija wachukue masurufu, kisha awakumbusha kuwa masurufu bora ni ucha Mungu. Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija mikono mitupu, wakisema wao wanamtegemea Mungu, na wakifika Makka huwaomba watu. Aya hii ikawaonyesha kwamba kumtegemea Mungu si kuwategemea wenzako. Kwa hivyo mama yule aliyeuliza "Tutakula nini?" aliuliza swali la mtu mwenye akili na mwenye dini.

Na wazee wetu wa pwani ndivyo walivyosafiri. Aliyepanda jahazi alichukua tende, mchele na samaki mkavu. Na hata zilipokuja meli za moshi baina ya Bombay na Mombasa, abiria wa sitahani wengi walipanda na matandiko yao na vyakula vyao. Mama huyu alikuwa akifuata ada aliyoikuta.

Sasa tuje kwa watu wa meli. Kijana ametuletea karatasi ya masharti ya safari, nasi tumesomewa na kufasiriwa, kwa kuwa Kiingereza chetu ni cha shule ya msingi. Masharti ya meli hizi hupitana kidogo kidogo, lakini mengi yafanana. Vitu vikavu vilivyofungwa kiwandani na ambavyo havijafunguliwa, kama biskuti na tende za pakiti, kwa kawaida huruhusiwa kwa kiasi. Chakula cha mtoto mchanga huruhusiwa, na mgonjwa mwenye miko yake husikilizwa akieleza mapema. Kilichopikwa nyumbani, na nyama, na kila kiozacho upesi, hukatazwa. Hukatazwa pia birika la umeme na jiko la kuchemshia, kwa kuhofia moto.

Je, hii ni dhulma? Sisi twaona si dhulma, na sababu zake ni hizi. Meli ya leo si jahazi. Iko meli iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake mwaka 2024, ambayo huchukua abiria zaidi ya 5,000 mbali na mabaharia, na hao wote hewa yao moja na ngazi zao moja. Sambusa ya nyama ikikaa chumbani siku mbili bila ya barafu huharibika, na mlaji wake akishikwa na tumbo, hapana ajuaye kama ni chakula kilichooza au ni ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha uitwao norovirasi, ambao ukiingia melini huenea kwa mikono na vyombo upesi mno. Kwa ajili ya maradhi kama hayo, tangu miaka ya 1970 serikali ya Marekani ina mpango maalumu wa kukagua usafi wa meli za abiria zifikazo bandari zake. Na huko bandarini ziko sheria nyingine. Katika nchi kama Marekani na Australia, msafiri akishuka na nyama au tunda bichi asilolitaja kwa wakaguzi aweza kutozwa faini, hata likiwa tofaa moja alilolichukua mezani, kwa kuwa wanachelea wadudu na maradhi ya mimea na mifugo.

Hapa twakumbuka mfano alioutoa Mtume (S.A.W.), uliopokewa na Nuuman bin Bashir (R.A.), wa watu waliogawana chombo, wengine juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakitaka maji huwapitia wa juu, wakaona afadhali watoboe tundu katika fungu lao wasiwaudhi wenzao. Nia yao ilikuwa njema. Lakini lau wangaliachwa, wangaliangamia wote. Na wakizuiwa, huokoka wote. Anayezuia tundu hawachukii watu wa chini. Na mwenye meli anayezuia chakula cha nyumbani si lazima awe anaidharau dini ya mtu au mkono wa mama yake.

Tena yako mapatano. Aliyenunua tikiti amekubali masharti yaliyoandikwa juu yake, ayasome asiyasome. Suratul Maida yaanza kwa kuwaamrisha wenye kuamini watimize mapatano, kabla ya kutaja chakula chochote cha halali au cha haramu. Twataka wasomaji wetu waufikiri mpango huo. Mtu aikimbiaye nyama ya haramu kwa kuificha nyama ya halali chini ya kanga, kisha akiulizwa akasema uongo, ametoka katika haramu moja akaingia katika nyingine, na hiyo ya pili hakulazimishwa na yeyote.

Labda mtu atasema: "Huyo amedharurika, angekula nini?" Twamjibu kwamba dharura haipo penye samaki. Katika sura hiyo hiyo ya Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu amehalalisha vya baharini viwe manufaa yetu na ya wasafiri. Wasafiri wametajwa humo wenyewe! Jeshi la Abu Ubayda (R.A.) lilipokuwa ufuoni, masurufu yakapungua hata kila mtu akawa apata tende moja kwa siku, Mwenyezi Mungu aliwatolea samaki mkubwa mno wakamla siku nyingi. Basi aliye katika meli yenye samaki, mayai, mboga, wali na matunda hawezi kusema kuwa amefungiwa mlango.

Kwa hivyo nasaha yetu kwa atakaye kusafiri hivi ni hii. Kwanza, asome masharti au asomewe kabla ya kulipa, na akiona hayawezi, asende. Matembezi si faradhi. Pili, awaandikie wenye meli majuma kadhaa kabla, awaeleze wazi kuwa yeye ni Mwislamu, hali nguruwe wala kitu chenye mvinyo. Meli nyingine hutayarisha nyama ya halali zikiambiwa mapema, na nyingine huahidi samaki na mboga tu. Vyovyote vile, atakwenda hali ajua. Tatu, akishapanda amwone msimamizi wa ukumbi siku ya kwanza, asingoje ya nne. Amwulize kama samaki wakaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa nguruwe, kama mchuzi umetiwa mvinyo, na kama vitamutamu vina jelatini au pombe. Hao wapishi wamezoea kuulizwa. Ama juu ya nyama ya Watu wa Kitabu wanavyuoni wana maneno marefu, na mwenye shaka aache alilo na shaka nalo ashike asilo na shaka nalo, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.). Nne, achukue vile vilivyoruhusiwa: tende za pakiti, biskuti alizozisoma vilivyomo, na dawa zake katika vyombo vyake. Akiulizwa ana nini, aseme alicho nacho.

Sasa twaja kwa lile la tatu. Ewe mwanetu, sambusa zile zingalitupwa hata ungalisema kweli, kwani ndivyo masharti yalivyokuwa. Lakini lau ungalisema, "Naam, mama yangu ametupikia chakula, je, chaweza kuingia?" yangalitupwa mahamri peke yake. Uliposema "ni nguo", mama yako aliona kwamba mwanawe anakionea haya alichokipika usiku kucha kwa ajili yake. Siku tatu zile hatudhani alikuwa akiogopa nguruwe tu.

Hatusemi haya kwa kujiona wema. Sisi pia tuliwahi kusafiri na mama yetu kwa chombo kwenda Lamu, hali tu wavulana, naye amechukua kapu la ukili lenye mikate na samaki wa kukaanga, na harufu yake imeenea chombo kizima. Tulikwenda tukakaa mbali na kapu lile kana kwamba si letu. Jua lilipopanda na njaa ikatuuma tulirudi kwake, naye akatupa mkate na samaki, asitukumbushe lolote. Amekwisha kufa, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mpaka leo hatujui kama alituona au hakutuona.

Wewe mama yako yu hai. Tubu kwa Mola wako kwa uongo ule, kisha umwombe mama radhi kwa ulimi wako, usimtumie zawadi ikusemee. Mwambie kwamba alikuwa na haki kuuliza mtakula nini, na kwamba kosa lilikuwa lako usiyeandika barua moja kabla ya safari. Na siku akija tena, mwache aingie jikoni apike, mle nyumbani na watoto wako, wajue ladha ya mkono wa bibi yao.

Nanyi akina mama, msafirishwapo na wana wenu, waulizeni masharti mapema, na wakikuambieni kitu fulani hakiruhusiwi, msikifiche. Mikono yenu haipungukiwi heshima kwa sheria ya bandari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, awape riziki ya halali, na awajaalie ucha Mungu uwe masurufu yao, kwani hayo hayakatazwi katika mlango wa meli yoyote. Amin.

Wabillahi tawfiq.