Wafanyakazi Hawaogopi Mabadiliko

Katika semina elekezi za mashirika ya umma, kauli moja haikosi: wafanyakazi hawapendi mabadiliko. Mtoa mada huitamka kwa uhakika wote, wakubwa wa viti vya mbele wakaitikia kwa kichwa, na fundi aliyetumikia karakana miaka nenda miaka rudi akarudi kazini akiwa ameshahukumiwa.

Kauli hiyo ni uzushi, na historia ya reli ya Tanzania inatosha kuikanusha.

Shirika la Reli, TRC, lilizaliwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Mwaka 2007 nafasi yake ikachukuliwa na kampuni, TRL, na kampuni ya RITES ya India ikapewa asilimia 51 ya hisa kwa mkataba wa miaka 25. Wafanyakazi wakagoma, tena si mara moja, kwa ajili ya mishahara. Kufikia mwaka 2011 mbia alikuwa ameondoka na mzigo umerudi kwa Serikali. Sheria ya mwaka 2017 ikarudisha jina lile lile la TRC. Muda wote huo abiria wa Reli ya Kati walisafiri kwenye njia ya mita moja ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914.

Sasa hapo mfanyakazi alikataa mabadiliko gani? Kubadili jina si kubadili mmiliki, kubadili mmiliki si kubadili zana, na zana mpya hazifuti utaratibu wa kusubiri saini za mabosi lukuki ili inunuliwe balbu moja. Wakubwa huviita vyote mabadiliko, kisha vikishindwa wanamlaumu fundi.

Watetezi wao wanadai eti nembo mpya huamsha ari. Ari ya nani? Nembo haijawahi kumlipa mtu mshahara. Fedha za rangi na mabango, pamoja na posho na ukumbi wa hoteli wa semina yenyewe, zingenunua vipuri.

Badiliko la kweli watu hulipokea. Mwaka 2024 treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, watu waligombea tiketi. M-Pesa nayo, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mama lishe waliizoea bila mtoa mada yeyote.

Mkurugenzi anayejiandaa kuwaita watumishi ukumbini awaeleze kwanza kinachobadilika ni kipi: jina, mmiliki, zana au namna ya kufanya kazi. Kama ni jina tu, awaache wafanye kazi.