Mzee akianguka, nani anapima shinikizo la kichwani?

Anayevuka daraja la Rusumo hubadilisha mambo mawili kwa mpigo: fedha mfukoni na upande wa barabara. Tanzania magari hupita kushoto, Rwanda hupita kulia. Kijana huzoea haraka. Mzee huweza kuingia barabarani akiwa ametazama upande usio na hatari.

Ndivyo ilivyomkuta baba yangu mkubwa, mfanyabiashara wa maharage mwenye umri wa zaidi ya miaka 70. Kama mimi, aliishi uhamishoni Karagwe, akarejea Rwanda baada ya 1994. Siku hiyo alikuwa amevuka kwenda kununua mzigo, pikipiki ikamgonga. Aliinuka, akajikung'uta vumbi. Kwenye zahanati aliyopelekwa alipewa vidonge vya maumivu akaambiwa aende nyumbani. Kadi yake ya bima ilikuwa ya huku, ajali ilikuwa ya kule, hivyo hakutaka kuuliza zaidi.

Wiki ya tatu akaanza kukosea chenji, yeye ambaye alibadilisha faranga na shilingi kwa kichwa bila karatasi. Nyumbani tukasema ni uzee. Mkono wa kushoto ulipolegea ndipo tulipomkimbiza Kigali. Picha ya CT Scan ilionyesha damu iliyojikusanya taratibu na kuukandamiza ubongo. Madaktari walitoboa fuvu, wakaitoa. Leo anahesabu fedha zake mwenyewe.

Ndugu msomaji, nimekileta kisa hiki kwa sababu kila inapozungumzwa ajali ya kichwa, husikika lawama kwamba hospitali zetu hazina mitambo ya kupima shinikizo la ubongo. Ni kweli kwamba hospitali nyingi za pembezoni hazina. Swali la kujiuliza ni hili: je, ukosefu wa mtambo huo ndio unaowamaliza wazee wetu?

Kwanza tuelewane. Shinikizo hili si presha ile inayopimwa mkononi. Fuvu ni chungu kigumu kisichotanuka, na ndani yake mna ubongo, damu na maji. Kimoja kikiongezeka, vingine lazima vipungue. Hilo lilielezwa na Mskochi Alexander Monro tangu 1783. Nafasi ikiisha, shinikizo hupanda na damu safi hushindwa kuufikia ubongo. Ili kulipima, daktari hutoboa tundu dogo na kupitisha waya au mrija mwembamba. Mwongozo wa kitaalamu uliotolewa Marekani mwaka 2016 unashauri tiba shinikizo likizidi milimita 22 za zebaki.

Je, mtambo huo unaokoa? Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Bolivia na Ecuador, nchi zenye uhaba unaofanana na wetu. Majeruhi 324 waligawanywa mafungu mawili: wengine walitibiwa kwa kufuata mtambo, wengine kwa kufuata picha za CT Scan na uchunguzi wa daktari. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti ya maana. Waliofariki walikuwa asilimia 39 kwa fungu la kwanza na asilimia 41 kwa la pili. Kwa upande mwingine, utafiti wa nchi 42 uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa kwa walioumia vibaya zaidi, upimaji uliendana na vifo vichache. Kwa hiyo mtambo si upuuzi. Lakini tukumbuke kwamba hata lile fungu lisilo na mtambo kule Bolivia na Ecuador lilikuwa na picha, chumba cha wagonjwa mahututi, na watu waliomtazama mgonjwa usiku na mchana. Hayo ndiyo tuyadai kwanza.

Kwa mzee hoja hii ina uzito zaidi. Ubongo husinyaa kadiri umri unavyosonga, na pengo hubaki kati yake na fuvu. Mishipa inayovuka pengo hilo hukaa imevutika, na mtikisiko mdogo huikata. Damu hupata pa kujificha, shinikizo halipandi mapema, na mzee huzungumza vizuri huku hatari ikimkaribia. Hata mtambo ungeweza kuonyesha namba nzuri na kutudanganya. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda yumo hatarini zaidi.

Kipimo cha kwanza, basi, ni mtu aliyekaa kando yake. Tangu 1974 ipo njia ya Glasgow ya kutoa alama 3 hadi 15 kwa kutazama macho, maneno na mwendo wa viungo. Haihitaji umeme, inahitaji muuguzi anayerudia kila saa na kuandika. Nyumbani, tumwangalie mzee kwa wiki kadhaa baada ya kuanguka. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege au udhaifu wa upande mmoja si uzee wala si mkono wa mtu. Ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na tusimpe asprini kutuliza maumivu.

Kwa wakubwa wetu, kituo cha pamoja cha Rusumo kilizinduliwa mwaka 2016 ili lori lisikaguliwe mara mbili. Ni jambo jema. Lakini kutoka hapo hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 150, na mzee aliyeumia upande mmoja akiwa na bima ya upande mwingine bado huogopa kuuliza. Kama tumeweza kukubaliana juu ya karatasi za gunia la maharage, hatushindwi kukubaliana juu ya kichwa cha aliyelibeba.