Kamba Si Dawa



Ndugu wasomaji, nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika kigango kimojawapo cha parokia yetu, karibu na ufuko wa ziwa, nikamwombee kijana aliyefungwa kamba kwenye mwembe. Alikuwa na umri wa miaka 23, na mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amerudi nyumbani kutoka machimboni, upande wa Nyarugusu. Hakuwa akilala usiku, alizungumza peke yake, na siku moja alimrushia baba yake jembe. Nikamwekea mikono, nikasali, nikawaachia wazazi maneno ya faraja, kisha nikapanda pikipiki nikarudi misioni kunywa chai. Kamba niliiacha palepale ilipokuwa. Sikuuliza amefungwa tangu lini, wala kama amekula.

Siku tatu baadaye alifika muuguzi wa afya ya akili, baada ya katekista kumpelekea habari. Yeye alianza na kamba. Aliomba ilegezwe, akaangalia kama mikono ina vidonda, akaagiza maji ya kunywa. Kisha akakataa kiti alicholetewa, akaketi chini karibu na mgonjwa na kumwuliza bila haraka. Usingizi ulianza kupotea lini? Unasikia sauti za watu usiowaona? Zinakuamuru nini? Kule machimboni ulikuwa unakunywa nini, unavuta nini? Katika ukoo yupo aliyewahi kuugua hivi? Umewahi kuanguka kifafa? Umewahi kufikiri kujiua? Swali hilo la mwisho liliwashtua wazazi, kana kwamba kulitaja jambo ni kuliita. Akawaeleza kwa upole kwamba kumwuliza mtu hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo, bali mara nyingi humpunguzia mzigo alioubeba peke yake.

Wengi wetu tunadhani kwamba kazi ya mhudumu wa afya ya akili ni kuchoma sindano ya usingizi na kuandika barua ya kwenda Mirembe, kule Dodoma. Hata jina la hospitali hiyo tumeligeuza kuwa tusi. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika nje ya hospitali, baada ya fujo kwisha na majirani kutawanyika. Ni kurudi kila mwezi na sindano. Ni kumweleza mama kwamba shingo ikikakamaa au mikono ikianza kutetemeka, hiyo ni athari ya dawa inayoweza kurekebishwa, asiwakimbilie majirani kusema mtoto amerogwa mara ya pili. Tena ni kugombana, kwa heshima, na baba anayesema, "Sasa amepona, dawa za nini?" Kijana wetu yule aliachishwa dawa namna hiyo na akarudia hali yake mara mbili. Mara zote mbili muuguzi alikuja bila lawama, akaanza upya.

Kwa nini vijana? Wataalamu wanakubaliana kwamba magonjwa mengi ya akili yanayomsumbua mtu mzima huwa yamekwisha kuanza kabla hajatimiza miaka 25. Umri huo ndio hasa umri ambao wana wetu wa Chato, Geita na Shinyanga wanaaga nyumbani kwenda kutafuta dhahabu. Huko hakuna mshahara wa mwezi; kuna mgawo wa mawe, na duara likitoka kapa, hakuna mgawo. Kuna gongo na bangi za kumpa mtu ujasiri wa kushuka. Kuna moshi wa zebaki inapochomwa ili dhahabu ibaki, na zebaki huharibu mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia, hasira huwa karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa Rwamgasa, hapa mkoani Geita, walipimwa chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, na wengi wakakutwa na dalili za sumu hiyo. Halafu kuna kifusi. Mwaka 2015 wachimbaji watano wa Nyangalata, wilayani Kahama, walitolewa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Magazeti yaliandika kwa kirefu walikula nini huko chini. Mimi hujiuliza juu ya usiku wao wa baadaye, na wa mamia ya wengine waliofukiwa kwa saa chache tu, ambao hawakuandikwa popote.

Basi kijana akirudi nyumbani akiwa hivyo, swali la kwanza la ukoo huwa ni moja: nani kamfanya hivi? Na sote twajua jibu hutafutwa wapi. Katika nchi yetu hii ya Wasukuma na Wazinza, ugonjwa wa kijana umewahi kugeuka hukumu ya kifo kwa bibi kizee ambaye kosa lake ni macho mekundu yaliyounguzwa na moshi wa jiko kwa miaka sitini. Ndiyo sababu Tume ya Haki na Amani haiwezi kusema kwamba jambo hili ni la zahanati peke yake. Muuguzi anapoufafanulia ukoo kwamba huu ni ugonjwa, una jina na una dawa, huenda anaokoa watu wawili kwa safari moja. Nimemwona akizungumza na mganga wa jadi pasipo dharau, akamwuliza amempa mgonjwa mizizi gani, maana iko inayogongana na vidonge, na akamwomba amletee mapema wale wasiolala.

Yako pia mambo ya sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilitungwa kwa ajili ya matunzo, ulinzi na tiba ya watu hawa, wawe wamelazwa kwa hiari yao au bila hiari. Hata hivyo, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Matokeo yake tunayajua vijijini: kijana akinywa sumu ya pamba akanusurika, familia humficha ndani kwa kuogopa polisi, na anayefichwa hatibiwi. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyohiyo kinapingana na Katiba yao. Sioni sababu sisi tusilijadili jambo hilo kwa utulivu.

Na sisi mapadre tusijifiche nyuma ya Serikali. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Ile ya mwaka 1983 haikuwataja tena, na Katekisimu ya mwaka 1992 inakiri kwamba matatizo mazito ya akili na hofu kuu hupunguza wajibu wa mtu kwa tendo hilo. Hata leo zipo jumuiya zinazogoma kwenda kuchimba kaburi. Kama bado zinagoma, ni kwa sababu sisi hatukuzifundisha.

Mtu yule wa Injili ya Marko aliyekaa makaburini, ng'ambo ya ziwa, naye alikuwa amefungwa minyororo mara nyingi na watu wa kwao. Alipopona alitaka kumfuata Yesu mashuani. Akakataliwa, akaambiwa arudi nyumbani kwa jamaa zake. Wenyeji, kwa upande wao, walikuwa wakihesabu hasara ya nguruwe. Sisi tunaoishi kwenye dhahabu tuisome sura hiyo ya tano taratibu.

Mwenye shaka kwamba kazi hii inawezekana vijijini akumbuke Morogoro na Kilimanjaro. Katika miaka ya 1980, mikoa hiyo miwili ilitumika kujaribu mpango wa kuwafundisha wahudumu wa zahanati za kawaida kuwatambua na kuwatibu wagonjwa wa akili karibu na kwao. Kwa wagonjwa wazito ipo Bugando, hospitali ya maaskofu wetu, iliyofunguliwa mwaka 1971. Zamani kumpeleka mgonjwa Mwanza kulimaanisha kusimama naye kivukoni Busisi, amefungwa, huku abiria wakimtazama kama sinema. Tangu Juni 2025 lipo daraja la kilomita tatu. Lakini daraja halimfikishi mtu kliniki kila mwezi kwa muda wa miaka mitano. Hilo ni la majirani.

Kwa hiyo naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zianze na mambo haya. Kila jumuiya iijue siku ya kliniki ya afya ya akili katika kituo chake cha afya, na imteue mtu mmoja mwenye kifua cha kutunza siri, atakayefuatana na mgonjwa. Akina mama wa WAWATA wasijione hawana elimu: kule Harare, tangu mwaka 2006, mabibi wa mitaani wamefundishwa kuwasikiliza wenye sonona kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu. Ni kweli kwamba anayesikia sauti anahitaji dawa kwanza, lakini hata yeye atahitaji benchi baadaye. Na dawa zikikosekana kituoni mwezi wa kwanza, viongozi walei waulize. Zikikosekana mwezi wa pili, waandike barua kwa diwani, na nakala iletwe kwa Tume. Muuguzi mmoja mwenye pikipiki moja hawezi kuidai Halmashauri peke yake.

Kijana wetu wa kwenye mwembe hakurudi machimboni. Anavua dagaa na kaka yake usiku wa giza, na kila mwezi huja kuchomwa sindano. Mara ya mwisho nilipopita kwao, kamba ile ilikuwa imefungiwa mbuzi.